Dawa ya Gia Boksi na Pawa Stelingi: Kabla Hujafungua Chupa

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: ile chupa inayouzwa dukani kwa jina la "dawa ya gia boksi" au "dawa ya stelingi" inafanya kazi, au ni pesa ya bure? Tumechagua sita.

Nina Toyota Premio ya 2004, otomatiki. Nikiwa kwenye mwendo wa 60 hadi 80, nimekanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kama limepita kwenye matuta ya rasta, halafu linatulia. Fundi mmoja anasema nimwage dawa, mwingine anasema gia boksi imekwisha ninunue ya Japani. Nimsikilize nani? – Msomaji, Morogoro

Kwa sasa hata mmoja. Kwanza tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, ufanye jaribio lisilogharimu kitu. Gari likianza kutetemeka, mguu wa kulia uache palepale kwenye pedeli ya mafuta, kisha gusa breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za breki tu. Mtetemo ukikatika papo hapo na mshale wa RPM (mizunguko ya injini) ukapanda kidogo, ugonjwa uko kwenye klachi iliyo ndani ya toko konveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi. Ukiendelea vilevile, angalia plagi na koili kabla ya kumlaumu mtu wa gia boksi. Koili moja ikianza kuchoka hutoa mtetemo unaofanana sana na huu, na watu wamefungua gia boksi nzima kwa sababu yake.

Tuseme ni toko konveta. Ukiwa kwenye mwendo wa wastani, kompyuta huifunga klachi hiyo ili injini na gia boksi vizunguke pamoja na mafuta yasipotee. Ukigusa breki tu, kompyuta inaiachia. Ndiyo sababu jaribio linafanya kazi. Oili ya otomatiki ina kirekebisha msuguano, kemikali inayoganda juu ya chuma na kufanya klachi ishike taratibu bila kuruka. Kemikali hiyo huisha kwa joto na umri. Ikiisha, klachi hufanya kama kiti cha mbao kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji: kinanata, kinaruka, kinanata, kinaruka. Huo ndio mtetemo wako.

Kwa hiyo kilichopungua kinajulikana, na kimo tele kwenye oili mpya. Anza na oili. Kwa gia boksi ya gari hilo ni Toyota Type T-IV, si WS, oili nyingine ya Toyota. WS ni nyepesi zaidi na Toyota haizihesabu kuwa mbadala, hata kama zote ni nyekundu na muuzaji anakuapia kuwa "ni zilezile". Ukifungua boliti ya chini zinatoka lita 2.5 hadi 3 tu, wakati gia boksi nzima ina takriban lita 6.5. Nyingine imebaki kwenye toko konveta na kipoza oili. Ukibadilisha lita 3 mara moja, mpya ni chini ya nusu. Ukirudia mara ya pili unafika kama asilimia 71, mara ya tatu 84. Endesha kilomita 300 hadi 500 kati ya mara moja na nyingine. Pima oili inayotoka kwa chupa zenye alama, ingiza kiasi kilekile kilichotoka.

Mara ya kwanza shusha sampu yenyewe, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Utakuta sumaku ndogo chini yake. Ute wa kijivu laini kama masizi ni wa kawaida, ufute. Vipande vya chuma unavyoweza kuvihisi kwa vidole, au makapi meusi ya pleti za klachi, vinasema kwamba kuna kitu kinaliwa na hakuna chupa itakayokirudisha. Boliti za sampu hukazwa kwa nguvu ndogo mno. Fundi akizikaza kama nati za tairi, sampu inapinda na inavuja milele.

Sasa dawa. Mtetemo ukipungua lakini usiishe baada ya oili mpya, hapa ndipo kichupa kina haki yake. Kuna viongezi ambavyo ni kirekebisha msuguano kitupu, kama Instant Shudder Fixx ya Lubegard, tyubu ya mililita 60 hivi. Tyubu moja, basi. Watu hufikiri ikisaidia moja, tatu zitasaidia zaidi. Oili hiyohiyo ndiyo inayolowesha klachi za kubadili gia. Ukizidisha utelezi, mtetemo utaondoka na badala yake gia zitaanza kuteleza. Kama mtetemo hauishi ndani ya kilomita mia kadhaa, klachi yenyewe imeungua uso na toko konveta inahitaji kutolewa.

Chupa nzito zinazomwagika kama asali ni kitu kingine kabisa. Lucas Transmission Fix na jamaa zake huifanya oili iwe nzito, ili pampu iliyolika na sili zilizolegea zishike presha. Kwa gia boksi inayoteleza kidogo, dereva anaweza kuona nafuu ya miezi kadhaa. Kwa tatizo lako haisaidii. Na chupa ile ina mililita 700 hivi: ukiimwaga juu ya oili iliyokwisha kujaa, kipimo kinapita, gia zinapiga oili mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha. Anayetaka kuitumia atoe kwanza kiasi hicho cha oili.

Kwa wanaopenda historia: oili ya otomatiki ya Dexron iliyotoka 1967 ilipata ulaini wake kutokana na mafuta ya nyangumi. Marekani ilipokataza bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia walibaki wanahangaika kutafuta mbadala, na baadhi ya viongezi vya leo vimetokana na msako huo.

Prado yangu ya 1999 inakula oili ya pawa stelingi, naongeza nusu chupa kila wiki. Pia inalia "wiiii" nikikata kona asubuhi. Dukani wameniuzia dawa ya kuziba. Je, niimwage? – Msomaji, Mombasa

Nusu chupa kwa wiki, mabwana, si sili inayotoa jasho; hilo ni tundu. Dawa ya kuziba ni oili nzito iliyochanganywa na kemikali inayoulowesha mpira mkavu ukavimba na kulainika. Inafanya kazi kwenye sili iliyokauka kwa umri lakini bado nzima, ile inayoacha unyevu na vumbi lililoganda bila tone kudondoka. Kwa hali kama hiyo hatuipingi. Inahitaji wiki moja au mbili za kuendesha kabla hujaihukumu. Kwako wewe itatoka chini pamoja na oili nyingine.

Tafuta inakotokea. Osha pampu, mipira na reki (chuma kinachosukuma magurudumu yakate kona) yote kwa sabuni ya kuondoa grisi, kausha, weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Mtu awashe injini na kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho wakati wewe unaangalia kwa tochi. Usishike mpira wa presha kwa mkono: ndani yake kuna presha ya bar 70 na zaidi wakati usukani umefika mwisho, na oili ikitoka kwenye tundu dogo inapenya ngozi.

Anza na mpira wa presha kubwa, pale ambapo raba inaingia kwenye chuma kilichobanwa. Pakilowa hapo, mpira mpya tu. Kisha shafti ya pampu nyuma ya puli. Halafu nenda kwenye reki, minya ile mipira yenye mikunjo kila upande. Ikiwa mizito na inacheza kama mfuko wa maji, sili ya reki imekwisha na oili inajaa humo. Fungua klipu, sogeza mpira, futa shafti ing'ae, halafu pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukikwama kwenye vijishimo vya kutu, hakuna dawa wala sili mpya itakayodumu hapo. Vijishimo hivyo ni sime inayokata mpira kila unapokata kona. Kwenye magari ya Pwani hali hii ni ya kawaida: mpira wa mikunjo unapasuka, hewa ya chumvi na mchanga vinaingia, na mwenye gari anakuja kushtuka mwaka mmoja baadaye.

Kuhusu mlio, fungua kifuniko cha kopo la oili ya stelingi injini ikiwa inaunguruma. Ukiona povu la rangi ya waridi, pampu inavuta hewa. Ama oili imeshuka mno, ama mpira laini wa kutoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu umekakamaa na klipu haibani, ama oringi ya hapo imebapa. Huu ni uvujaji usioonekana chini, kwa sababu hewa inaingia badala ya oili kutoka. Oringi ni kitu cha bei ya soda, na ndiyo inayouzia watu pampu wasizozihitaji. Magari kadhaa yana kichujio cha wavu chini ya kopo. Kikiziba, pampu inalia hivyohivyo, na dawa nzito inazidisha.

Ukishaziba, safisha mfumo. Nyanyua magurudumu ya mbele. Chomoa mpira unaorudisha oili kwenye kopo, ziba tundu la kopo, elekeza mpira kwenye chupa tupu. Injini ikiwa imezimwa, mtu azungushe usukani taratibu huku wewe unajaza oili mpya bila kuiacha iishe, mpaka itoke safi. Lita 1.5 hadi 2 za Dexron zinatosha. Rudisha mpira, zungusha mwisho hadi mwisho mara 20 bado injini imezimwa, jaza, ndipo uwashe. Usiushikilie usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde 5.

Na soma kopo lako kabla ya kununua. Toyota za umri huo zinatumia Dexron, Honda zina oili yao maalumu ya stelingi, na magari kadhaa ya Ujerumani yanatumia ya kijani ya CHF 11S. Kosa baya kuliko yote ni kumwaga oili ya breki kwa sababu vifuniko vinafanana. Oili ya breki hula sili za stelingi. Ikitokea, usiwashe gari. Ifyonze yote kwanza.

Nimenunua Harrier iliyotumika, ina kilomita 160,000. Fundi amenikataza kubadili oili ya gia boksi, anasema ikibadilishwa gari litakufa, niongeze dawa ya kusafisha tu. Shikamooni. – Msomaji, Arusha

Marahaba. Imani hiyo haikuzuka hewani. Mtu anapeleka gari ambalo tayari linateleza, linabadilishwa oili, wiki ya pili linagoma. Oili inabebeshwa lawama, wakati klachi zilikuwa zimekwisha na unga wake uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ndio uliokuwa ukizisaidia kushika. Gari linalobadili gia vizuri halimo kwenye hadithi hiyo.

Chukua dipstiki, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Nyekundu iliyofifia au kahawia inayotandaa ni oili iliyochoka. Badilisha kwa kumwaga na kujaza, kama tulivyoeleza kwenye Premio. Nyeusi inayobaki katikati kama doa la kahawa na kunuka ugali ulioungua ni habari nyingine: shusha sampu uangalie kabla ya kuamua. Rangi ya chai ya maziwa maana yake maji ya rejeta yameingia kwa njia ya kipoza oili kilicho ndani yake. Hapo usiendeshe hata hadi gereji. Maji hubandua gundi ya pleti.

Unapopima Toyota yenye dipstiki, endesha kwanza dakika 15 hadi 20, simama pasipo mteremko, pitisha leva kwenye gia zote, rudisha P, injini iendelee kuunguruma. Honda ni kinyume: unazima kwanza, kisha unapima ndani ya dakika moja na nusu.

Dawa ya kusafisha sisi hatuitaki kwenye gia boksi yenye historia isiyojulikana, wala mashine ya kusukuma oili kwa presha. Zote zinaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali ndogo za boksi la vali. Na kuongeza dawa kwenye oili iliyoungua ni kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliochacha.

Kuna dalili moja ambayo ingetufanya tukuruhusu chupa. Ikiwa asubuhi unaweka D na gari linakawia sekunde 2 au 3 kabla ya kuondoka, lakini likipata moto tatizo linaisha, na kipimo cha oili ni sahihi, basi huenda sili za pistoni za klachi zimekakamaa. Kilainisha sili kinaweza kukupa nafuu ya maana hapo, baada ya oili mpya. Dalili ikiwa kinyume, yaani asubuhi nzima na likipata moto linateleza, weka pesa hiyo kando kwa ajili ya fundi.

X-Trail ya 2010, CVT. Dawa gani ni nzuri kwake? – Msomaji, Nairobi

Hakuna. CVT haina klachi nyingi za kubadili gia. Ina mkanda wa vipande vingi vya chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili chuma kishike chuma bila kukilana. Kitu chochote kinachoongeza utelezi kinafanya mkanda uteleze, na mkanda ukiteleza mara chache tu unachora puli. Mchoro huo haufutiki. Gari lako linataka oili ya NS-2. Oili nyekundu ya kawaida ndani ya CVT ni kifo cha taratibu, na "oili ya magari yote" tungeiacha dukani. Wenye Premio na Allion za toleo la 260 zenye CVT, hili linawahusu pia: Premio ya zamani na hiyo haziongezwi oili moja.

Hilux yangu ya manyo (gia za mkono) inakwaruza gia ya pili. Nimeambiwa kuna dawa nyeusi ya molibdeni inalainisha. – Msomaji, Mbeya

Inalainisha, na ndiyo shida. Ndani ya gia boksi kuna ringi ya shaba inayosugua koni ya gia ili mizunguko ilingane kabla ya meno kukutana. Ringi hiyo inaishi kwa msuguano. Ukimwaga kitu kinachoteleza sana, haikamati, meno yanagongana zaidi. Kwanza hakikisha si klachi: injini ikiunguruma, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii. Angalia oili na pampu zake. Klachi ikiwa nzima, soma kitabu cha gari ujue oili ya gia boksi. Nyingi zinataka oili ya gia ya daraja la GL-4, uzito wa 75W-90, na mafundi wengi humwaga GL-5 kwa kuwa ndiyo inayokaa dukani. Baadhi ya GL-5 zina salfa inayokula shaba.

Kwa upande wa difu, mambo yanageuka. Ikiwa Hilux yako ina difu ya LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka bure) na imewekwa GL-5 ya kawaida, utasikia ikigugumia unapokata kona kali polepole. Hapo kiongezi cha LSD kinahitajika hasa, au ununue oili iliyoandikwa LS ambayo tayari kimo. Kichupa huwa cha mililita 118 hivi. Fuata karatasi yake, kisha zunguka umbo la nane polepole kwenye uwanja mara kumi ili kiingie kwenye pleti.

Na ukienda kununua gari kuukuu, fungua boliti ya difu uchomeke kidole. Unga wa mbao ni "dawa" ya zamani kuliko zote. Unanyamazisha difu inayolia kwa siku zinazotosha kuuza.

Vitz ya 2008, usukani mzito asubuhi. Nimenunua dawa ya stelingi lakini sioni pa kumwagia. – Msomaji, Dodoma

Huoni kwa sababu hapapo. Stelingi ya gari hilo ni ya umeme (EPS), haina oili hata tone. Jaza upepo wa tairi za mbele, pima betri injini ikiwa imezimwa (isiwe chini ya volti 12.4) na ikiwa inaunguruma (13.5 hadi 14.5), safisha vichwa vya betri, angalia fyuzi ya EPS. Taa ya stelingi ikiwaka kwenye dashibodi, isomwe kwa mashine kabla ya kufungua chochote. Chupa irudishe dukani ikiwa hujaifungua.